Kikombe Kwenye Dirisha la Jikoni

Kikombe kilikuwa kwenye dirisha la jikoni, bado kinafuka moshi. Mpika chai alikitazama. Kilijaa mpaka ukingoni, na ndani hamkuwa na hata chembe ya sukari. Kati ya madiwani wote, anayekunywa hivyo ni mmoja tu, diwani wa kata anakoishi mpika chai mwenyewe. Jikoni walimwita Bila Sukari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na gari lake linatoka getini.

Ukumbini, katibu wa baraza alikuwa akihesabu mikono. Kamati ya afya ilishapendekeza zahanati ya kata yao ifungwe, wagonjwa waende ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Lakini kamati hupendekeza tu, anayekata neno ni baraza. Waliotaka ifungwe, tisa. Waliokataa, wanane. Kura zingelingana meya angeamua, na meya alishasema yeye haifungi ng'o. Hazikulingana. Akagonga meza, imepita.

Mpika chai akafikiria miguu ya mama yake, ilivyovimba. Hata zahanati hii ya karibu mama huifikia kwa kupumzika mara mbili.

Jumamosi diwani akaita mkutano wa mtaa.

"Ndugu zangu, nimepigana kufa na kupona! Lakini mkono mmoja haulei mwana."

"Pole, mheshimiwa," akasema fundi baiskeli. "Mbona shati halijakunjika?"

Watu wakaangua kicheko. Diwani naye akacheka.

"Daftari la mahudhurio lipo. Nendeni mkaangalie, jina langu limo."

Kweli limo. Daftari husainiwa mlangoni, kabla ya chai.

Mama akamgusa binti yake ubavuni. "We si ulikuwepo? Alisemaje huko?"

"Mama, nyamaza bwana."

"Ninyamaze na miguu hii?"

Mpika chai aliujua msemo wa mdomo kuponza kichwa, na kibarua chake kilikuwa mikononi mwa wakubwa kama huyu. Tena tangu azaliwe hajawahi kunyoosha mkono mbele za watu. Akaunyoosha.

"Haya, binti yangu, sema," diwani akamwambia.

"Shikamoo, mheshimiwa. Chai yako niliikuta dirishani, bado ya moto, wenzako wanapiga kura. Wewe ulishatokea mlango wa jikoni. Mkono uliopungua siku ile ni mmoja tu, na ni wako."