Kaka Yangu Haingii Ndani

Barua ya Uhamiaji iliingia kwenye simu yangu nikiwa nambembeleza Kalo amalize uji. Niliisoma mara moja, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaendelea kumlisha mtoto. Kijiko kimoja cha uji, kingine cha hewa, maana nusu yake alikuwa anaitema. Mtoto wa miaka mitatu hajali viza.

Tegan alirudi baada ya kuwashusha wanafunzi. Yeye ni dereva wa basi la shule, lile linalozunguka mashamba ya zabibu nje ya Mildura, hapa Australia. Alinikuta nimekaa palepale, uji umeshaganda bakulini.

"Wamekataa?"

"Bado. Wanauliza."

"Wanauliza nini tena? Tumewapa mpaka picha za mbwa."

Nikampa simu. Akasoma amesimama, funguo za basi zikining'inia kidoleni. Barua ilisema ofisa wao alimpigia simu kaka yangu Haloti, ambaye sisi wenyewe tulimwandika kama ndugu anayeyajua maisha yetu. Haloti akajibu kwamba mambo ya dada yake hayajui. Alipoulizwa kama mimi na Tegan tunalala chumba kimoja, alikata simu. Kwa hiyo Uhamiaji wana shaka kama kweli sisi ni wenza au ni watu wawili wanaogawana kodi ya nyumba. Tulete maelezo haraka. Yasipowaridhisha, ombi litakataliwa, na mimi na Kalo tutarudi kwetu visiwani, Tonga.

"Haloti?" Tegan aliuliza. "Haloti huyu huyu anayetuletea machungwa?"

"Huyo huyo."

"Kaka yako anatuchukia, Lati. Tuache kujidanganya."

Sikubisha. Nilikuwa sina nguvu ya kubisha, na isitoshe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo hivyo.

Kumwandika Haloti lilikuwa wazo la Tegan. Kwa watu wake kaka ndiye shahidi wa kwanza. Nani atakujua kuliko mtu mliyegombania naye kijiko? Kwetu sivyo. Kwetu, kaka na dada wakishapevuka hawakai chumba kimoja, hawaangalii sinema pamoja, hawataniani. Kijana anahamia kibanda cha nje na dada anabaki nyumba kubwa, kwa sababu dada ndiye mwenye heshima. Kaka hayataji mambo ya chumbani kwa dada yake hata kwa mzaha. Wakianza wengine kuyataja, yeye anainuka anaondoka. Nilipaswa kumweleza Tegan yote haya siku ile. Lakini tulikuwa tumeshinda na makaratasi tangu Jumamosi, Kalo ana homa, na mimi nilikuwa na zamu kule nyumba ya wazee. Akauliza, "Nimwandike Haloti?" Nikasema andika.

Wanawake wawili kama sisi tunahangaika hivi: miaka yote tunajifunza kufuta nyayo, halafu siku moja Serikali inauliza nyayo ziko wapi. Kanisani kwetu Tegan anaitwa mwenye nyumba wangu. "Latai na mwenye nyumba wake wamefika," wanasema kwa jina langu kamili, na wanampa kiti kizuri kabisa. Kwenye picha za harusi za ndugu zangu yuko pembeni kabisa, au hayupo, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera. Mama yangu alipokuja kutoka Nuku'alofa tulinunua kitanda kidogo tukakiweka chumbani kwa Kalo, na mimi nikalala hapo, miguu imetokeza, mpaka mgeni alipoondoka. Risiti ya kitanda hicho tunayo. Ya kitanda chetu hatuna, tulipewa na mama yake Tegan.

Haloti hupita kwetu kila Ijumaa akitoka kwenye ghala la machungwa. Hafiki mbali, huishia barazani. Jua liwe kali vipi, baridi iwe vipi, atasimama pale barazani na mfuko wake mkononi. Tangu nihamie kwa Tegan hajawahi kuvuka kizingiti. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ni aibu. Nikamsamehe kimoyomoyo, kama mtu anavyosamehe mvua.

Ijumaa ile alikuja kama kawaida. Kalo alimkimbilia.

"Mjomba! Umeleta nini?"

"Nimeleta magimbi. Mwambie mama ni ya shambani kwetu, asiyatie kwenye friji."

"Mama! Magimbi yasiingie kwenye friji!"

"Nimesikia," nikasema kutoka jikoni. "Mwambie mjomba asante."

"Mjomba, asante."

"Na dereva mzima? Simwoni."

Tegan alikuwa jikoni na mimi, ameegemea sinki, mikono kifuani. Nikamtazama kwa macho ya kuomba.

"Mwambie mjomba kichwa kinamuuma," nikasema.

"Hakimuumi," Kalo akasema kwa sauti. "Amenuna."

Kisha Haloti akasema, "Basi mpe pole ya kununa," na tukasikia gari lake likiondoka.

"Dereva," Tegan akasema. "Hata jina sina."

"Anakuheshimu."

"Mtu akikuheshimu namna hiyo, unafukuzwa nchini." Akafungua bomba la maji bila kuosha chochote. "Nenda kamwambie, Lati. Mwambie aseme neno moja tu."

"Siwezi kwenda kumwambia kaka yangu habari hizo."

"Basi nitakwenda mimi."

"Wewe ndiyo kabisa."

Nikabandika sufuria. Tulikula magimbi. Yalikuwa matamu na hakuna aliyesema.

Jumapili baada ya ibada nikaona hakuna njia nyingine ila kupitia kwa Melaia, mke wa Haloti. Tegan alitupeleka mimi na Kalo, akasema atasubiri garini. Uani Haloti na majirani walikuwa wanafukua tanuri la ardhini, na harufu ya kondoo aliyefungwa kwenye majani ya magimbi ilikuwa imejaa mtaa mzima. Nilizunguka nyuma nikaingia jikoni. Melaia alikuwa anakuna nazi.

"Wifi! Uso gani huo? Umezika mtu hukunialika?"

Nikajaribu kucheka, nikaanza kulia.

"Aa, aa, usinililie kwenye tui. Lina chumvi tayari." Akanivutia kiti kwa mguu. "Kwenye msiba wa baba yenu nilikaa jikoni mchana kutwa nachochea masufuria, wewe umekaa juu ya mkeka kama malkia kwa sababu ni dada wa mume wangu. Leo unakuja kulia huku kwetu kwenye moshi? Sema."

Nikasema. Nilisema kwa kuzunguka, kama tunavyosema, lakini Melaia si mtu wa kuzungushwa. Nilipofika kwenye swali la chumba, akaacha kukuna.

"Walimuuliza hivyo? Haloti?"

"Ndiyo maana alikata."

"Kumbe!" Akashika kiuno. "Siku ile alirudi akaenda kuoga mchana. Nikamuuliza una nini, akasema kuna bwana mmoja amemtukana kwenye simu. Nikadhani ni watu wa bima."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Mimi sikucheka.

"Melaia, hatutambui. Ni afadhali niseme tu. Miaka yote hii hajawahi kuingia kwangu. Anamwonea aibu Tegan."

Kicheko chake kikakatika. Akanitazama kama vile nimemwambia chumvi ni sukari.

"Wifi. Ulipokuwa unakaa kule nyumba ya wachumaji wa zabibu, Haloti hakuwa anaingia?"

Nikakumbuka. Alikuwa anaingia jikoni kule, jikoni la watu wote, anafunua sufuria, anakula akiwa amesimama mimi nikiwa sipo au nikiwa chumbani.

"Alikuwa anaingia."

"Na kwa dada yenu mkubwa, kule nyumbani, mwenye mume?"

"Kule anaishia nje."

"Haya." Akarudia kukuna nazi. "Siku uliyohamia kwa Tegan alikuja hapa akakaa hapo ulipokaa. Akasema, dada sasa ana nyumba yake na mwenzake, sitaingia tena bila adabu. Mimi nikasema, mwenzake ni mwanamke, unajua? Akasema, nina macho. Basi, hakuzungumza tena, na mimi sikumchokonoa."

Niliinamisha kichwa. Miaka yote niliyomsamehe mtu ambaye hakuwa na kosa ilinijia kwa pamoja, na nilichosikia zaidi ni uchovu, kama mtu aliyebeba mzigo mbali halafu akaambiwa haukuwa wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie kwamba kaka yako ana adabu? Nilidhani unajua, wewe si Mtonga?"

"Anaweza kuwaambia Uhamiaji hivyo?"

"Habari za kitanda chako hatasema, hata wamfunge. Na mimi sitamwomba." Akakamua tui kwa ngumi. "Lakini habari za miguu yake mwenyewe, inaingia wapi na inaishia wapi, hizo ni zake. Anaweza kusema."

Akafuta mikono, akatoka uani. Kupitia dirishani nilimwona anamvuta Haloti pembeni, mbali na wanaume wengine. Haloti alisikiliza ameinama, koleo mkononi. Alitikisa kichwa. Melaia akaongea tena. Akatikisa kichwa tena, kisha akaacha kutikisa. Mwishowe alichomeka koleo kwenye majivu, akazunguka nyumba kuelekea barabarani. Nikahamia dirisha la mbele lililokuwa wazi, Kalo nimempakata.

Tegan alishusha kioo. Haloti alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye gari, akitazama matairi.

"Shemeji," akasema.

Tegan hakuelewa kama ni yeye anayeitwa. Hajawahi kuitwa hivyo na mtu wa kwetu.

"Yule bwana wa simu hana adabu," Haloti akaendelea.

"Ndiyo kazi yake, Haloti."

"Kazi ya kuuliza dada wa mtu analala wapi?"

"Serikali inamlipa kwa hiyo."

"Mmh. Kwetu angepigwa." Akagusa tairi kwa ncha ya kiatu. "Hili limeisha. Unambebea mtoto kwenye tairi kama hili?"

"Nitabadilisha."

"Badilisha kesho. Na waandikie, nitasema ya kwangu. Lakini kwa Kitonga, na asinipigie tena mtu."

Kisha akarudi kwenye tanuri lake. Tegan akabaki ameshika usukani wa gari lililozimwa.

Haloti alikwenda mwenyewe kwa mtu wa kuapisha, na karatasi yake ikatafsiriwa. Ilikuwa fupi. Alisema yeye ni kaka yangu. Nilipoishi na wachumaji aliingia kwangu na kula. Tangu nihamie kwa Tegan havuki mlango, kwa sababu mwanamume haingii nyumba ambayo dada yake anaishi na mwenzi wake. Kwa dada yake mkubwa pia haingii. Alijibu simu ile vibaya kwa sababu aliulizwa vibaya. Basi. Wakala wetu wa viza aliisoma mara mbili akasema amewahi kuona watu wakithibitisha ndoa kwa picha, kwa mikopo, hata kwa kaburi la paka, lakini kwa mtu kutoingia ndani, hii ndiyo ya kwanza. Akataka mtu wa kanisa athibitishe kwamba mila hiyo ipo. Mchungaji akathibitisha kwa maandishi. Hakuuliza ni ya kazi gani, nasi hatukumsaidia kuuliza.

Halafu tukasubiri. Mizabibu ikapukutika majani, ikakatwa matawi, ikabaki visiki vitupu safu kwa safu. Kila simu ilipolia nilikimbia kuitazama. Tegan akaanza kusaga meno usingizini. Tuligombana kwa sababu ya taulo, kwa sababu ya kifuniko cha siagi, kisha tukaombana radhi kwa sauti ndogo ili Kalo asisikie. Kuna siku nilimwambia kama amechoka na mimi, apumzike. Akasema, "Nimechoka na Uhamiaji. Na wewe sijachoka, ila ungekuwa unafunika siagi."

Jibu lilikuja nikiwa kazini, nambadilishia shuka mzee mmoja mwenye ulimi mkali. Nikasoma, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, jambo lililokatazwa.

"Umefiwa?" mzee akauliza.

"Hapana. Nimepewa viza."

"Basi inuka, umekalia mguu wangu."

Nilipompigia Tegan hakupiga kelele kama nilivyowaza. Alipumua tu, pumzi ndefu, na nyuma yake nikasikia watoto wa shule wakiimba matusi.

"Ni ya muda," nikamwambia. "Ya kudumu inafuata, mpaka waturidhie tena. Tutaleta ushahidi upya."

"Tena?"

"Tena."

"Mungu wangu," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini hamuondoki."

"Hatuondoki."

Jioni hiyo hatukusherehekea. Tegan alisinzia kwenye kochi kabla habari hazijaisha, na mimi nikamtazama Kalo akimpangia midoli kifuani mmoja mmoja bila kumwamsha. Moyo wangu ulikuwa umechoka sana, lakini umetulia, na nikajiona nawaza mwakani, kitu ambacho nilikuwa nimejinyima muda mrefu.

Asubuhi nilikwenda kumwandikisha Kalo chekechea ya mwaka unaofuata. Mama wa mapokezi alikuwa na miwani ya kamba na sauti ya upole. Aliuliza jina, aliuliza chanjo. Kisha akauliza, zaidi ya mimi, nani ataruhusiwa kumchukua mtoto.

"Mama yake mwingine," nikasema. Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa sauti kwa mtu nisiyemjua. "Anaitwa Tegan. Mtamwona, anaendesha basi."

Yule mama akaandika, akageuza ukurasa, akauliza kama mtoto anadhurika na karanga.

Nikasema hapana, anakula kila kitu isipokuwa uji.