Kitabu Kilicholambwa

Jacqueline alivuka mto kwenda Alunguli, ng'ambo ya mji wa Kindu, kuchaji simu kwa Mama Scholastique Tshibola. Akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya mashine, akavua kandambili, akafungua kinywa kupiga miayo. Badala ya miayo ukatoka ukurasa wa thelathini na moja. Ulitoka kwa maneno, mzima, kwa Kifaransa safi, pamoja na nambari yake ya chini. Jacqueline anauza mikate, na Kifaransa chake chote ni bonjour na merci. Alipomaliza alipiga miayo yake, akauliza simu imefika wapi.

"Kunywa kwanza chai," Mama Scholastique akamwambia. "Alafu unirudilie pale ulisema habari ya kubonyeza."

Mashine hizo ni kompyuta za kibao kimoja, za wakati wa Zaire. Kila kitu kimechomelewa juu ya kibao cha kijani: hakuna sanduku, hakuna skrini, ni vibonye vya nambari tu na kidirisha cha tarakimu nyekundu. Mumewe, mwalimu Banza, alitumia baadhi kufundishia mafundi wa reli. Nyingine Mama Scholastique aliziokoa kwenye karakana iliyokuwa inavuja, na moja ilitoka Punia kwa mtu wa machimbo aliyekuwa anaikalishia sufuria. Huzisugua kwa mswaki na lutuku, ile pombe kali, na majirani wakimwona wanasema, aka, ni hasara gani hii!

Mashine ni nzima, ila zina tabia moja. Ukizizima zinasahau yote, na ukiziwasha tena lazima uziingizie amri moja moja kwa kidole, kutoka kitabuni. Mama Scholastique ndiye aliyekuwa akimwandalia mumewe mashine kabla ya somo, kwa hiyo vidole vyake vinajua kazi. Lakini kitabu kilikuwa kimoja tu, na kilipotea vitani.

Mambo yalikwenda hivi. Treni iliacha kuja, mto ukafungwa, na Kindu ikakosa karatasi na chumvi. Mchana mmoja wenye silaha wa bariere, kile kizuizi cha njia ya stesheni, walimtoa Banza karakanani mbele ya watu, na kitabu chake wakakitupa nje. Mama Bitota muuza karanga alikiokota, kama muuza karanga yeyote angefanya siku zile, akakichana, akafungia karanga. Karanga zilikuwa na chumvi kidogo. Watu walizimaliza, kisha wakailamba karatasi mpaka wino ukatoka, na wengine wakaimeza kabisa. Ndivyo kitabu kilivyoingia mjini. Banza hakurudi.

Basi waliolamba wanazo kurasa. Hawajui mpaka wakae karibu na mashine. Baada ya Jacqueline alikuja Idrissa, fundi cherehani, na ukurasa wa mwanzo wenye jina la kitabu. Akaja mpishi wa misheni na michoro, ambayo aliisema mstari kwa mstari, waya huu uende hapa, ule pale, huku ameshika kikapu cha mboga. Walijaribu kuandika, lakini wino ulikauka bila kuacha alama. Walijaribu kurekodi kwa simu, na simu ikatoa sauti ya karanga zikimenywa. Kwa hiyo kitabu ni watu, na anayetaka kukihifadhi awahifadhi watu. Mama Scholastique alianza kuwapelekea dawa ya malaria, akamfokea Roger wa pikipiki barabarani mbele ya abiria:

"Roger! Weye uko na ukurasa wa kumi na mbili na unapita bila kaske? Hauna haya?"

Roger alinunua kofia ya pikipiki.

Kilichomfanya Mama Scholastique ahangaike hivyo si mashine peke yake. Banza alikuwa na mazoea ya kuandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, na msomaji akifika mahali pa penseli, sauti hugeuka ikawa ya Banza. Jacqueline mwembamba vile alisema kwa ile sauti nzito yenye mikwaruzo, "Hapa wanakosea wote, waende pole pole," na Mama Scholastique akaenda nyuma ya jiko akalia. Alimpenda mume wake. Alimpenda sana, na alikuwa hajasikia sauti yake tangu mchana ule.

Kurasa zote zilipatikana isipokuwa wa kumi na tisa. Ndio uliokuwa umefunguliwa juu ya meza siku Banza alipotolewa. Bila huo mashine ilikwenda, ikafika mahali, ikasimama. Na penseli ya mwisho ya Banza ilikuwa humo. Mama Scholastique aliutafuta kanisani, msikitini, hospitalini, kwa kila mtu aliyewahi kulala njaa wakati wa vita, mpaka akaenda kumsumbua Mama Bitota, ambaye sasa haoni vizuri.

"Unatafuta kwa wenye njaa tu," Mama Bitota akasema. "Wa kwanza kula hakukuwa na njaa. Kila asubui nikipita bariere, shefu yao alikuwa anachukua fungu yake ya bure. Alain. Njo yeye alikula karatasi ya kwanza, ile kitabu ilikuwa imefungukia, na kidole alilamba."

Kindu nzima inajua kwamba Alain ndiye aliyemtoa Banza karakanani. Inajua pia anakoishi. Leo ni mkurugenzi wa ofisi moja huko Kasuku, upande wa pili wa mto, anavaa tai, na kwenye harusi hupewa kiti cha mbele.

Mama Scholastique akapiga moyo konde. Aliwaita wote wenye kurasa, wakasema kwa zamu, naye akaingiza kila amri, akiacha tu nafasi ya ukurasa ule mmoja. Kisha akaiweka mashine kwenye beseni ikiwa inawaka, Roger akabeba betri, wakavuka mto kwa mtumbwi na kupanda hadi ofisini.

"Karibu, mama," Alain akasema, akasimama kwa heshima. Ni mtu wa adabu.

Beseni lilipogusa meza yake alilegeza tai, akasema ukurasa wa kumi na tisa. Aliusema vizuri, bila kukwama. Alipofika pembeni, Banza akasema: "Imegoma. Nitajaribu tena kesho asubuhi, kukiwa na mwanga. Nisisahau chumvi ya Tshibola."

Mama Scholastique, Tshibola wake, alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakulia, kwa sababu kazi ilikuwa inamngoja. Akaingiza amri, akabonyeza kibonye cha mwisho.

Tarakimu nyekundu zikajiwasha moja baada ya nyingine, zikaanza kutembea. Makarani walitoka vyumbani wakaja kusimama mlangoni, na mmoja akavua kofia. Zilitembea kwa utulivu mkubwa, namba zikizaa namba, na kila aliyekuwa pale alihisi kifua kimejaa, kama anasikia kwaya. Ng'ambo, Jacqueline aliyebaki kulinda nyumba aliona vibao vingine vyote mezani vinawaka, visivyo na waya wala betri, vikihesabu pamoja. Alivitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Bwana Alain," Mama Scholastique akasema, "na Banza mwenyewe, mulimuweka wapi?"

"Banza nani?" Alain akauliza, kwa sauti yake mwenyewe. Alifikiri kidogo, kwa nia njema. "Mambo ya vita ni ya zamani, mama. Miye sikumbuke kitu."

Akawaagizia soda.

Betri iliisha jioni, mashine ikasahau. Tangu siku hiyo, kila Mama Scholastique anapotaka kuiwasha lazima Alain awepo, na Alain huja akiitwa. Wageni wanaokuja kuitazama humpigia makofi zaidi kuliko wenzake.

Mwaka uliofuata aliugua vibaya. Watoto wake wako Kinshasa, mke wake alishaondoka. Mama Scholastique alivuka mto na blanketi, akalala chini kando ya kitanda chake hospitalini, akamwinua kichwa, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Élisabeth, muuguzi wa zamu, alivumilia, mwisho uzalendo ukamshinda.

"Mama, yule muntu unamulisha weye? Yule?"

"Bwana yangu iko mule ndani," Mama Scholastique akasema, akampangusa Alain mdomo.

Alain alipona vizuri kabisa. Jumatatu alirudi ofisini.