Lenzi Iliyoachiwa Ziada ya Mshono

Fundi alishonea hospitali mashuka na makoti ya manesi kwa miaka ishirini na minane, na katika hiyo, minane ya mwisho hakuona tundu la sindano hata siku moja. Hakuna aliyejua. Mkewe alikaa mashine ya jirani, na uzi ukikatika alinyoosha tu mkono, bila kusimamisha kazi yake wala maneno yake, akautunga.

Mkewe alipofariki, wakubwa walileta barua ya rambirambi yenye jina la mtu mwingine. Baada ya miezi mitatu wakaleta waraka. Meneja wao hakuweza kupiga chafya bila kuitolea waraka, ndiyo maana mafundi walimwita Bwana Waraka. Huu ulisema kwamba Ijumaa saa nne asubuhi kila fundi atatunga uzi mbele ya meneja ndani ya dakika moja. Atakayeshindwa atapumzishwa.

Fundi akashuka ngazi hadi kliniki ya macho, ghorofa ya chini ya hospitali ileile. Wakampa tarehe: baada ya miezi mitano. Alirudi juu akisema peke yake kwamba wenye nchi hii wana macho mawili, moja la kuangalia saa na moja la kuangalia mlango.

Akabaki na mtu mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akisaga vioo katika duka la miwani. Shemeji alimwambia wazi kwamba bila cheti cha daktari hawezi kumsagia kitu, tajiri wake atamfukuza. Ila vipande vilivyokataliwa huachiwa wanafunzi.

"Sasa mwanafunzi yuko wapi?" fundi akauliza.

"Nipo naye hapa. Mzee kidogo, lakini amekuja mapema."

Basi Jumatatu akaanza shule, yeye aliyeiacha darasa la nne kwa ugomvi na mwalimu mkuu. Shemeji akachomeka pini mezani, akavuta nyuzi nyekundu kupitia umbo la lenzi alilolikata kwa kadibodi. Kila uzi, alisema, ni mwanga. Unakuja umenyooka, ukifika kwenye kioo unapinda, na upande wa pili nyuzi zote zinakutana mahali pamoja. Kioo kikiwa na tumbo dogo, zinakutana mbali. Kikiwa na tumbo kubwa, zinakutana karibu. Kubuni lenzi ni kujua tumbo lako unalitaka liwe kubwa kiasi gani.

Fundi akaona kumbe ni mambo ya nguo. Maisha yake yote alikuwa akipima matumbo. Kufikia Jumatano alikuwa amejichorea lenzi yake kwa chaki kwenye karatasi ya kukatia, mistari imenyooka hata shemeji akakosa la kumtania. Alhamisi, shemeji akiwa anahudumia mteja, fundi hakumngoja. Alikaa kwenye mashine akasaga mwenyewe, akang'arisha, akaivaa kwa waya puani.

Kitu chochote kilichopita vidole vinne kutoka usoni kikawa uji. Aliliamkia koti lililotundikwa mlangoni, akaliuliza na habari za nyumbani.

Shemeji akachukua ule mchoro, akaupima. "Hizi milimita mbili za tumbo zimetoka wapi?"

"Ziada. Mtu akinenepa, unaifungua."

"Jicho halinenepi, shemeji."

"Hujaona macho ya wakubwa."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha, kwa sababu saa ilikuwa ya kufunga duka na kioo kingine hakikuwepo. Ili atunge uzi na lenzi ile, fundi angelazimika kuweka pua kwenye sindano, na pua yake ilikuwa ndefu.

Alirudi nyumbani nayo mfukoni, akawalaani wakubwa wote kwa zamu, akiwamo yule mwalimu mkuu. Alipofika kwa mwalimu mkuu akazikumbuka zile nyuzi. Vidole vinne ni vidole vinne. Lakini nani kasema vipimwe kutoka puani? Lenzi ikae vidole vinne kutoka kwenye sindano, yeye akae anapotaka.

Ijumaa alfajiri akaifunga kwenye mashine kwa waya wa hanga. Akachungulia. Tundu la sindano lilikuwa mlango wa gereji.

Saa nne Bwana Waraka akasimama ng'ambo ya meza na orodha yake, na ndani ya lenzi akaonekana mdogo, miguu juu, tai ikiangukia darini. Fundi alijiuma mdomo asicheke. Akatunga uzi kabla mtu hajahesabu kumi.

"Haihesabiki," Bwana Waraka akasema. "Waraka unasema mashine itumike ilivyo."

Akatoa kalamu kufuta jina. Ila udadisi ukamshinda. Akazunguka meza, akaweka orodha karibu na sindano, akainama achungulie kile kidude. Tai yake ikateleza juu ya orodha, na vyote viwili vikaingia chini ya sindano. Mguu wa fundi ulikuwa na mazoea yake: kitambaa kikiingia, unakanyaga. Ukakanyaga.

Mshono ulipanda moja kwa moja hadi karibu na kidevu.

Mama wa mashine ya kwanza akaleta mkasi. Bwana Waraka, shavu likiwa mezani, akasema asithubutu, tai hiyo amepewa na mkurugenzi, na saa sita ana kikao naye. Ifumuliwe, uzi mmoja mmoja.

"Naweza," fundi akasema. "Lakini kwa lenzi. Na lenzi haihesabiki."



Bwana Waraka akaomba kalamu yake iliyoanguka. Pale pale kwenye orodha, kwa mwandiko wa mtu aliyelalia sikio, akaandika: amefaulu, lenzi ibaki. Akatia saini.

Fundi alisoma kila neno kupitia kioo, mara mbili. Ndipo akachukua kifumulio, akaanza na uzi wa kwanza, bila haraka yoyote. Alimwomba tu mkubwa asipumue kwa nguvu, kwa sababu kioo kinashika ukungu.