Kipande cha Pili cha Memori

Kompyuta ililia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena. Kioo kilibaki cheusi tii. Nkirote alihisi macho ya akina mama wa Ruiri yakimchoma mgongoni, palepale alipombeba mtoto wake Kendi.

"Mwalimu, hiyo ni salamu ama ni kilio?" aliuliza Lenah, mwenyekiti wa kikundi. Wengine wakaangua kicheko.

Nkirote alicheka nao, kicheko cha mdomoni tu. Akina mama hao walikuwa wameuza viazi na maharagwe ili chumba cha kanisa kigeuke shule ya taipu. Mashine waliipata kuukuu, haina memori, wakanunua memori wenyewe na kumkabidhi.

"Jumatatu wasichana wetu wanaanza. Ile memori umeweka?"

"Nimeweka, mama."

Hakusema ameweka ngapi. Alikabidhiwa vipande viwili, vinafanana kama mapacha. Lakini kwenye masomo ya jioni mjini Meru alijifunzia mashine ya zamani, ile ya 486, na pale kipande kimoja kilitosha. Cha pili alikiona cha ziada. Akampa Wambeti, waliyekuwa wakigombania naye kibodi moja darasani, ambaye sasa alikuwa na kibanda cha taipu Embu na mashine ya 486 inayokwama kila mara. "Chukua, mimi kimoja kinanitosha," alimwambia, na siku hiyo alijiona mtu mkubwa.

Kesho yake alimwendea Mwongera, mwalimu wake wa jioni.

"Prosesa imekaa kwenye soketi gani?"

"Ile ya Pentium. Soketi saba."

"Aa, Mama Kendi! 486 inakula memori kwa mdomo mmoja. Pentium ina midomo miwili, na kila mmoja unataka kipande chake, saizi moja. Ukinyima mmoja, yote inagoma. Kwani mlinunua kimoja?"

"Viwili."

"Kingine kiko wapi?"

Nkirote akajifanya anafunga vifungo vya sweta ya mtoto.

Embu, Wambeti alimpokea kwa vigelegele. Alimpa Kendi uji, akamgeukia mteja wake, mwalimu aliyekuwa akingoja kuchapiwa mitihani ya shule yake ya Kiambere. "Mwalimu, huyu ndiye aliyefufua mashine yangu. Angalia inavyokimbia!"

Nkirote alitamani ardhi immeze. Alisifu uji. Aliuliza habari za mvua. Mwisho maneno yakamtoka yenyewe.

"Wambeti, ile memori haikuwa yangu. Ni ya akina mama. Nilikupa mali ya watu, na mashine yao haiwaki."

"Kumbe Wameru mnapeana kwa mkono wa kulia, mnanyang'anya kwa wa kushoto!" Wambeti alianza kucheka, akauona uso wa rafiki yake, akaacha. Alihifadhi kazi, akazima mashine, akachomoa kipande na kukifuta kwa leso.

"Ni nini tena?" mwalimu aliuliza.

"Nilikuwa nimeazima tu, mwalimu. Rudi kesho, leo itaenda polepole."

Uongo ule wa huruma ulimwumiza Nkirote kuliko matusi. Alikipokea kipande bila kuweza kumtazama.

Ruiri, vipande viwili vilipokaa pamoja, kioo kiliwaka na tarakimu zikaanza kupanda. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akacheza hadi mlangoni.

"Ndio mwalimu wetu huyo!" Lenah alisema. "Sasa tuambie, ilikuwa na shida gani?"

Angeweza kusema ni waya. Nani angejua? Lakini sifa zile zilimkaa mwilini kama nguo ya kuazima.

"Mashine haikuwa na shida. Kipande kimoja nilikuwa nimempa rafiki yangu wa Embu. Nilidhani hamtakihitaji. Sikuwauliza."

Vigelegele vikakatika. Nkirote aliinamisha kichwa.

"Na huyo wa Embu," Lenah aliuliza, "sasa anatumia nini?"

"Amebaki na ile yake kidogo."

"Hm. Siku ingine ukitaka kupeana kitu yetu, utuulize kwanza. Tungekataa, lakini ungekuwa umeuliza." Mtu akacheka kwa pua. Lenah alivuta kiti, akakaa mbele ya kibodi. "Haya, inua uso. Nifundishe kuandika jina langu kabla hao wasichana hawajakuja kunicheka."