Sinia Iliyorudi Tupu

Jirani yangu Mwanaesha alifika kwangu na bintiye Nabiha, akaniwekea barua mapajani. "Kaka Ubaid, isome. Sisi imetushinda."

Chuo kilikuwa kimemshitaki Nabiha, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa kuchochea mgomo. Hilo nililijua: aliandika malalamiko kwamba bweni la wasichana halina maji, wenzake mia mbili wakatia sahihi. Shitaka la pili ndilo lililonipandisha hamaki. Amekiri kosa, waliandika, kwa kutuma zawadi nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

"Zawadi gani?"

Mwanaesha akainamisha kichwa. "Nilikwenda kwake Kizingo na sinia ya halwa, kumuombea mtoto radhi. Si ndivyo tufanyavyo?"

"Ami, mimi sikujua," Nabiha akasema. "Sasa wamenipa fomu. Nikitia sahihi kwamba nimekosa, watanisimamisha muhula mmoja. Nisipotia, huenda wakanifukuza kabisa."

"Usitie!"

Mwaka wa tisini na moja babangu alimpeleka ndugu yangu Hussam chuoni kuomba radhi kwa shitaka kama hili, nami nikawafuata nyuma. Hussam akatia sahihi. Karatasi hiyohiyo ndiyo waliyomfukuza nayo. Akaishia kubeba magunia katika maghala ya Shimanzi. Vitabu vyake nikajisomea mimi, na kanuni zao nikazijua kuliko wao.

"Una haki ya mshauri na shahidi," nikamwambia. "Mshauri ni mimi. Shahidi ni mamako."

"Mimi nikasimame mbele ya wasomi, wanicheke?"

"Na wakucheke, Mwanaesha. Afadhali wakucheke wewe kuliko wamfukuze yeye."

Siku ya kikao Nabiha alieleza habari ya maji. Mimi niliruhusiwa kumnong'oneza tu; nikauma meno. Mwenyekiti akamgeukia Mwanaesha.

"Mama, kama bintiyo hana kosa, radhi ulitaka ya nini?"

Akaliweka sawa buibui lake. "Mwanangu, kwetu mtu akienda Hija hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Wote hao ni wahalifu? Nilikuja kwako kwa adabu. Mtoto hakunituma. Na kama ile halwa ilikuwa makosa, mbona uliipokea? Sinia niliyorudishiwa ilikuwa tupu. Hata embe moja hukutia."

Mhadhiri mmoja, Bi Truphosa, akavua miwani. "Mwenyekiti, halwa ililiwa?"

Mwenyekiti akafunua faili, akalifunga.

Shitaka la pili likafutwa siku hiyohiyo. La kwanza likaisha kwa onyo la maandishi; Nabiha atafanya mitihani yake. Maji bwenini hayajatoka hadi leo, na onyo hilo tutalikatia rufaa.

Jioni nikampelekea Hussam habari, kwake Tononoka. Alisoma ile barua ya mashitaka mara mbili, kisha akaniuliza kama siku ile naye angaliweza kukataa.

Kalamu aliyotilia sahihi nilimpa mimi.