Maji ya Kuoshea Kioo

Hohepa ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na ndiye mkaguzi wa magari pekee huku kwetu pwani. Nimembeba mgongoni, nimembadilisha nepi. Kwa hiyo asubuhi ile alipotoka chini ya gari langu, akajifuta mikono na kuniambia limeanguka, nami nimeshakaa kwenye usukani tayari kuondoka, nilidhani ananitania.

"Limeanguka nini?"

"Ukaguzi, Mama Mkubwa."

"Breki?"

"Breki safi. Tairi zina afya kuliko mimi. Taa zote zinawaka. Ila maji ya kuoshea kioo cha mbele hayatoki. Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka, hakuna hata tone."

Binti yangu Ripeka alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, kakunja mikono ndani ya koti lake la mjini. Jana yake mezani tulikuwa tumewekeana ahadi. Gari likipita, nabaki nyumbani kwangu na hatanisumbua tena. Likianguka, linauzwa, nami nahamia kwake jijini Wellington. Nilikubali haraka kwa sababu nilijua gari ni zima. Wirihana, mume wangu, alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, ndiyo maana yeye tumemzika na lenyewe bado linatembea.

Huku bila gari huishi. Nyumba yangu iko mwisho wa barabara ya changarawe, basi halifiki, na marae yetu, ukumbi wa ukoo tunakoagia wafu na kulishana, iko ng'ambo ya mto. Misiba haingoji upate wa kukubeba. Mimi ndiye ninayewapitia vikongwe wenzangu, tunakwenda kumenya viazi na kusengenya. Unitoe hapo uniweke ghorofani Wellington, nitamsengenya nani?

"Hohepa," nikasema, "hayo ni maji tu. Yamwage humo, bandika stika yako, twende zetu."

"Siwezi. Nimeshaandika kuwa limeanguka."

"Futa."

"Nikifuta, kesho kila shangazi wa pwani hii ataniletea gari lisilo na milango."

"Mimi nimekunawisha makalio, wewe."

"Najua, Mama Mkubwa. Unanikumbusha kila Krismasi, mbele ya watu." Akainamia dirisha langu. "Hebu niambie, malori ya magogo yakikurushia tope, unafanyaje?"

Ripeka akafungua mlango wa abiria, akapapasa chini ya kiti, akatoka na chupa kuukuu ya soda iliyojaa maji, na tambara.

"Mama, hii ndiyo nini?"

"Chupa."

"Unamwagia kwa mkono? Huku unaendesha?"

"Huwa nasimama."

"Kila mara?"

"Mara nyingi."

Akaiweka chupa juu ya paa la gari polepole, akasema, "Basi. Tulikubaliana." Wala hakusema kwa kujishaua. Ingekuwa kwa kujishaua ningejua la kumjibu.

"Lakini Mama Mkubwa," Hohepa akasema, "kwa nini hukujaza maji tu? Si unafungua boneti, unamimina?"

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Kila Jumapili Wirihana alikuwa chini ya boneti ile, anapiga mluzi, nami namletea chai na kuongea na mgongo wake. Tangu tumzike sijaigusa.

"Kwa sababu humo ndimo alimokuwa," nikawaambia. "Nikifungua, nitakuta hayumo. Haya, mmeridhika?"

Hohepa akajikuna shingo, akatazama saa ya ukutani. "Ukilirekebisha kabla sijafunga, nitalikagua tena. Hulipi kitu."

"Tulikubaliana," Ripeka akarudia.

"Tulikubaliana ukaguzi. Umemsikia mkaguzi, ukaguzi haujaisha."

"Msiniingize kwenye ugomvi wenu," Hohepa akasema, akaenda kukaa kwenye benchi lake na mkate wake.

Nikashuka. Nilivuta kitu nilichodhani ni cha boneti, kikafunguka kifuniko cha tangi la petroli. Nikavuta kingine. Boneti ikaruka kidogo, ikang'ang'ania, nami nikachomeka vidole mle ndani nikitafuta kilichoishika, nikiwa na uhakika vitakatwa. Kisha ikakubali. Nikaiinua, nikaisimamisha kwa kile chuma chake, nikatazama.

Kweli, hakuwamo. Kulikuwa na injini na vumbi, na pembeni ya betri, limekunjwa vizuri kabisa, taulo langu la jikoni, lile la maua ya bluu. Nilimwuliza mtu yule kuhusu taulo lile miaka na miaka, akaapa hajaliona. Nikamtukana kidogo. Kisha nikalia kidogo, nikapengea taulo hilo hilo, kwa kuwa ni langu.

Kibweta cha maji sikuhitaji kuonyeshwa, kina picha ya kioo kwenye kifuniko chake. Kilikuwa kikavu. Nikakijaza kwa maji ya bomba la gereji, nikafunga boneti, nikaingia ndani, nikabonyeza. Kitu kikaunguruma huko mbele, lakini kioo kikabaki kikavu.

"Huenda vitundu vya kurushia maji vimeziba," Hohepa alisema na mkate mdomoni.

"Si ulisema hutaki kuingizwa?"

"Naongea na dari."

Nikatoka nikavitazama. Vilikuwa vimeganda chumvi ya bahari, kama kila kitu cha huku kisichofutwa. Nikachomoa pini kwenye mkanda wa sketi yangu, sketi nikaishikilia kwa mkono mmoja, nikaanza kuvichokoa kwa mkono mwingine. Sikuweza kuchokoa, kushika sketi na kubonyeza kwa pamoja.

"Ripeka, kaa kwenye usukani. Nikikwambia, bonyeza."

Akakaa. Nikachokoa mpaka ule weupe ukatoka.

"Bonyeza."

Hakubonyeza. Nilimwona kupitia kioo, mkono uko tayari, macho chini.

"Ripeka. Bonyeza."

"Mama, njia nzima nilikuwa naomba lianguke."

"Ili iweje? Nikae kwako unichunge kama mbuzi?"

"Si kukuchunga." Akajifuta pua kwa mkono wa lile koti la bei kubwa. "Tangu watoto wahamie Australia nyumba imekuwa kimya. Nikitoka kazini nawasha televisheni nisikie tu mtu akiongea. Nimeichoka, Mama."

Nilisimama na pini yangu. Kwa wiki nzima nilikuwa nikipigana na mtu niliyedhani amekuja kunifungia kabatini, kumbe mwanangu alikuwa na upweke na hakujua pa kuanzia. Nilijisikia vibaya, na papo hapo nikajisikia kupendwa.

"Mbona hukusema hivyo?"

"Ningesema, ungekuja?"

"Kuhama, hapana. Kwangu ni hapa, na nitazikwa hapa, kando ya yule mwizi wa taulo. Lakini kukutembelea ningekuja. Wiki moja, Agosti, baridi ikizidi."

"Utakuja na nini?"

"Inategemea kama utabonyeza."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akabonyeza. Upande mmoja maji yalirukia kioo vizuri. Upande wa pili, ambao bila shaka niliuchokoa kwa hasira zaidi, yaliruka juu ya paa, yakamfikia Hohepa aliyekuwa amesogea kuchungulia, yakamlowesha yeye na mkate.

"Yanatoka," akasema. Akachukua ile pini mkononi mwangu, akakigeuza kitundu kidogo, akajaribu mwenyewe, waipa zikafuta. Kisha akabandika stika mpya, nami nikambusu shavu lililolowa na kumwambia akome kuwasumbua wazee.

Niliendesha mimi kurudi. Tulipovuka daraja Ripeka alinigeukia, nami nikahofia kwamba amebadilisha mawazo.

"Mama," akasema, "mtaa wangu ni mlima, tena mwembamba. Utaegesha wapi?"

"Sijui. Hilo ni lako."

"Jirani wa chini ana nafasi, halafu gari hana. Nitamwomba hiyo wiki moja."

Nikapunguza mwendo, ng'ombe wa mtu walikuwa barabarani.

"Mwombe mwezi mzima," nikamwambia.