Kaseti Iliyobaki Jabe

Mohamadi alikuwa fundi wa redio katika mtaa wa Jabe, mji mkuu wa Warundi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mkewe, Houda, na binti yao mdogo, Assia. Oktoba ya mwaka 1993, Mwingereza mmoja aitwaye Colin, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akikaa mtaa wa Kibenga, alimletea redio-kaseti yake iliyokuwa ikitafuna utepe.

"Njoo Ijumaa, baada ya sala," Mohamadi alimwambia.

Kabla Ijumaa haijafika Rais aliuawa, nchi ikawaka moto, na wageni wengi wakaondoka kwa ndege. Colin hakuonekana tena.

Redio yenyewe ilikuwa imeshapona. Ndani mlikuwa na kaseti moja, na Mohamadi aliipiga ili ajaribu kazi yake. Mwanamke aliimba kwa Kiingereza, na gitaa moja, na hapa na pale filimbi. Aliimba polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Houda alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Huyu mama amefiwa na nani?"

"Sijui. Kiingereza si chetu."

Wateja waliitaka ile redio. Mohamadi alikataa kuiuza. "Ni amana," alisema. "Mwenyewe akirudi nitamwambia nini?"

"Na kama alishakufa?"

"Amana ya maiti ni nzito zaidi."

Lakini kuipiga aliipiga. Houda alipomtania, alijibu kwa uso mkavu, "Redio isipoimba inakufa, Mama Assia. Mi ninamutunzia mutu mali yake." Houda alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha zikaja siku za ville morte, yaani mji mfu, vijana walipofunga barabara kwa mawe na magogo na hakuna aliyethubutu kwenda sokoni. Milio ya risasi ilitoka upande wa Kamenge mchana kweupe. Familia ilikaa kwenye korido, mbali na madirisha, na Mohamadi akaweka kaseti ya Colin. Nyimbo za furaha za redioni zilikuwa zinamuudhi Houda wakati ule. Zilimfanya amfikirie mgeni anayecheka msibani. Huyu mama wa Kiingereza alikuwa kama amevua viatu na kukaa nao chini kwenye mkeka. Assia alimlalia mama yake mapajani, na Houda aliona mabega ya mtoto yakilegea kidogo kidogo mpaka usingizi ukamchukua.

Mwishoni mwa 1996 vita viliingia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na Wakongomani wakavuka kwa wingi. Mmoja wao alikuwa Sephora, mwanamke kijana aliyepotezana na mumewe njiani katika watu waliokuwa wakikimbia. Houda alimkuta amekaa kando ya soko la Jabe, akitazama mbele bila kumuona mtu. Akampeleka nyumbani, akampa chumba cha uani.

Sephora hakusema neno. Alifua, alichambua mchele, aliitikia kwa kichwa. Majirani walidhani ni bubu. Houda hakumsukuma. Alishona nguo zake kwenye cherehani, na Mohamadi aliendelea kuitunza mali ya watu.

Mchana mmoja, kaseti ikiwa katikati, Houda alisikia sauti ya pili. Mwanzoni alidhani redio imeharibika. Sauti ilikuwa chini ya ile ya mwimbaji, ikitembea nayo sambamba, na ilitoka uani. Alichungulia. Sephora alikuwa ameinamia ungo wa mchele, macho chini, akiimba bila maneno. Houda akarudi kwenye kiti chake taratibu, asije akamshtua.

Wimbo ulipokwisha, Sephora alikuja mpaka mlangoni.

"Mama Assia," alisema, na sauti yake ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Rudisha kidogo. Ule wa mwisho."

Mohamadi aliinuka kwenye meza yake ya kazi, akarudisha utepe. Jioni ile Sephora alisema alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya kwao Uvira. Siku zilizofuata alisema mengine, mazito zaidi, na Houda alimsikiliza mpaka mwisho. Mumewe hakupatikana kamwe. Ila Sephora alikaa, akajifunza ushonaji, akaingia kwaya ya Wakongomani wenzake, na kwa miaka yote ya vita nyumba ile ilikuwa na mtu anayeimba.

Mapema mwaka 2005, mji ulipoanza kupumua, mzungu mwenye mvi alisimama mbele ya karakana. Alikuwa amerudi kwa kazi ya muda mfupi, na akaja Jabe kuona nani bado yu hai.

Mohamadi alimtazama, akaingia ndani bila hata kumsalimu, akatoka na redio imefungwa kwenye kitenge.

"Monsieur Colin," alisema, "nilikuambia Ijumaa."

Colin aliketi kwenye stuli. Alifungua kitenge, akatoa kaseti, akapitisha kidole juu ya mwandiko wa karatasi yake. Kwa Kifaransa na Kiswahili chake cha kuungaunga alieleza kwamba mwandiko ule ulikuwa wa dada yake. Dada huyo ndiye aliyeirekodi kaseti kutoka kwenye sahani ya santuri, na alifariki mwaka mmoja kabla ya vita. Colin alikuwa ameshakubali kwamba kaseti imepotea pamoja na vitu vyake vyote.

Mohamadi akaipiga. Colin alisikiliza huku akisimulia: walikuwa wanafunzi, miaka ya sabini mwanzoni, katika mji wa baridi na mvua. Wachimba makaa walikuwa wamegoma na taa zilikuwa zikizimwa, hivyo yeye na dada yake walikaa na mishumaa, wamejifunika mablanketi, wakingoja umeme urudi ili wasikilize nyimbo hizi.

"Kwenu nako umeme unakatika?" Houda aliuliza.

"Siku zile, ndiyo."

"Basi mnatujua."

Sephora alitoka uani na nyuzi mabegani. Wimbo wake ulikuwa umefika, na aliingia nao kwa mazoea, sauti ya pili, akitamka maneno ya Kiingereza aliyoyakariri kwa sikio tu. Colin alifunika macho yake.

"Wimbo huu unasema nini?" Sephora alimuuliza. "Miaka yote niliuimba nikimuwaza mume wangu."

Colin alisita. "Ni wa zamani sana. Mwanamke amepoteza ng'ombe kwenye ukungu. Anamwita mpaka asubuhi."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Sephora alishika ukuta. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Houda akacheka naye, wakashikana.

"Apana kumucheka," Mohamadi aliwakemea. "Muulizeni Murundi yeyote. Mutu akipoteza ng'ombe, ana haki ya kulia."

Colin alitaka kuwaachia redio, na alitafuta maneno ya kuwashukuru. Houda alimkatiza. "Sisi ndio wenye deni la shukrani, Monsieur. Huyu mwimbaji yu hai?"

"Sijui. Hakuna aliyemjua sana, hata kwetu."

Houda akainua viganja vyake, akamwombea dua palepale, mwanamke ambaye jina lake lilikuwa limefutika kwenye karatasi: Mungu amlipe heri, popote alipo. Mohamadi aliitikia amina. Halafu akainakili kaseti ili wao wabaki na sauti ile, na Colin aondoke na mwandiko wa dada yake.

Jumapili iliyofuata kwaya ya Sephora iliimba muziki ule kwa maneno ya Kiswahili aliyoyatunga yeye, ya kuwashukuru waliompokea. Houda na Mohamadi, ambao hawakuwa wamewahi kuingia kanisani, walikaa benchi la nyuma pamoja na Colin. Sephora alianza peke yake, akiwatazama moja kwa moja, na safari hii aliimba sauti ya kwanza.